Jozi Nne za Miwani: Mazungumzo kuhusu Konea Inayochongoka

Haya ni maneno tuliyowaeleza wazazi, walezi, walimu na vijana katika mkutano wa elimu kwa walaji. Tumeyachapisha karibu kama yalivyosemwa.



Tulipokuja hapa mara zilizopita tulizungumzia mizani iliyochezewa, vyakula vilivyopitwa na muda, na vifaa vya umeme vinavyouzwa kwa majina yasiyo yao. Leo tumekuja na habari ya jicho. Huenda wengine mnajiuliza tangu lini watetezi wa mlaji wamekuwa matabibu. Sisi si matabibu, na hakuna neno litakalosemwa hapa linaloweza kuchukua nafasi ya daktari. Lakini habari hii ilitufikia kwa mlango wetu wenyewe, yaani mlango wa malalamiko, na kwa kweli tulikaribia kuikosea.

Mama mmoja alifika mezani kwetu akiwa na mkoba. Akaufungua, akapanga mbele yetu jozi nne za miwani. Zote zilikuwa za mwanawe, kijana wa kidato cha tatu, na zote zilinunuliwa katika duka moja ndani ya miaka miwili na nusu. Kila jozi ilimfaa kijana kwa miezi michache, kisha akaanza tena kulalamika: herufi za ubaoni zina vivuli, mstari mmoja anauona kama miwili, taa za magari usiku zinatoa mikia. Baba alisema kijana anatafuta kisingizio cha kutosoma. Mwalimu mmoja alimwambia maneno hayo hayo kwa ukali zaidi. Mama hakukubali. Yeye aliamini kwamba duka lilikuwa likimuuzia miwani mibovu, na alitaka fedha zake zote zirudishwe.

Tukafanya kama tunavyofanya siku zote. Tukaliandikia duka, duka likaleta kumbukumbu zake, tukaipeleka miwani ikapimwe na mtu mwingine, naye akathibitisha kwamba kila lenzi inalingana na karatasi yake ya vipimo. Kwa maneno mengine, bidhaa iliyouzwa ilikuwa ndiyo iliyoagizwa. Barua ya kufunga shauri ilikwisha kuandikwa. Ndipo mwenzetu mmoja, aliyekuwa akipanga karatasi hizo kwa tarehe ili azitie jaladani, akaona kwamba nambari za jicho la kulia zilikuwa zikipanda kila safari, na pembe ya mpindo ilikuwa ikihama, ilhali za jicho la kushoto zilibadilika kidogo tu. Miwani haikuwa na kosa. Jicho lenyewe ndilo lililokuwa likibadilika umbo.

Barua haikutumwa. Kijana alipelekwa kwa daktari bingwa wa macho, konea zake zikapigwa ramani, na jibu likatoka: keratokonasi.

Tuieleze kwanza konea. Ni ile sehemu angavu iliyo mbele kabisa ya jicho, mfano wa kioo cha saa ya mkononi. Haina mshipa wa damu hata mmoja, na katikati unene wake ni takribani nusu ya milimita. Pamoja na wembamba huo, ndiyo inayofanya karibu theluthi mbili za kazi ya kukusanya mwanga ili picha iangukie mahali pake nyuma ya jicho. Lenzi ya ndani humalizia iliyobaki. Ili kazi hiyo iende sawa, konea sharti iwe na mviringo laini, kama bakuli lililopinduliwa. Katika keratokonasi, utando huo hupungua uimara na unene, na shinikizo la kawaida la maji yaliyomo ndani ya jicho huusukuma mbele hadi ukachongoka. Bakuli hugeuka kawa. Jina lenyewe la kitabibu limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya pembe na pia, umbo la ile pia wanayochezea watoto.

Miwani ya kawaida hurekebisha jicho ambalo mpindo wake, hata ukizidi au ukipungua, una utaratibu. Konea iliyochongoka haina utaratibu huo. Sehemu moja imepinda sana, jirani yake imelala, na kila sehemu inapeleka mwanga upande wake. Ndiyo maana mgonjwa hulalamikia vivuli, mikia na herufi zilizorudufika hata kwa jicho moja, wala si ukungu peke yake. Na ndiyo maana fundi wa miwani aliye hodari na mwaminifu anaweza kupima kwa uangalifu wote, akatengeneza miwani sahihi kabisa, na bado mteja asiridhike.

Ugonjwa huu si mgeni duniani. Tabibu John Nottingham wa Liverpool, Uingereza, aliuandikia kitabu kizima mwaka 1854. Kwa kawaida huanza katika umri wa kubalehe au katika ujana, huendelea kwa miaka kadhaa, kisha hutulia mtu anapofika miaka ya thelathini au arobaini. Hushika macho yote mawili, ila mara nyingi moja hutangulia. Na kwa kuwa jicho zima humfichia mtu udhaifu wa mwenzake, wengi huchelewa kujua. Haumpeleki mtu kwenye giza totoro. Lakini humwondolea uwezo wa kusoma ubao, wa kuendesha chombo usiku, wa kumtambua mtu ng'ambo ya barabara, na humwondolea hayo katika miaka ile ile ambayo mtihani na ajira vinamsubiri.

Je, ni wangapi? Hutegemea mahali na namna ya kutafuta. Utafiti wa Uholanzi uliotolewa mwaka 2017 ulikadiria mtu 1 kati ya 375. Mwaka 2018 yalitolewa matokeo kutoka Riyadh, Saudi Arabia, ambako watoto na vijana waliofika hospitalini kwa shida zisizo za macho walipigwa ramani za konea. Ikaonekana karibu 1 kati ya 21 alikuwa nao. Hatuwezi kuzichukua hesabu za Riyadh na kuzivika nchi yetu. Tunachojifunza ni kwamba panapotafutwa kwa chombo kinachofaa, ugonjwa uliodhaniwa kuwa adimu unaweza kuonekana kwa wingi.

Na vijana mnaopenda mpira wa kikapu: Stephen Curry, mfungaji yule wa mitupo ya mbali, alieleza hadharani mwaka 2019 kwamba ana ugonjwa huu, na kwamba alianza kuvaa lenzi za jicho. Tunamtaja kwa sababu kijana anayeambiwa ana ugonjwa wenye jina refu hudhani dunia imemwishia.

Sasa tuseme habari ya kufikicha macho, na hapa tutakaa kidogo, kwa kuwa ndilo jambo pekee katika mazungumzo haya lisilohitaji fedha.

Madaktari wameona kwa muda mrefu uhusiano wa karibu kati ya keratokonasi na tabia ya kufikicha macho kwa nguvu, hasa kwa vifundo vya vidole. Urithi nao una sehemu yake. Aliye na ndugu wa damu mwenye ugonjwa huu ana sababu ya kupimwa mapema. Watu wenye sindromu ya Down huupata zaidi kuliko wengine, na kwa kuwa huenda wasiweze kueleza wanachokiona, walezi wao wasingoje malalamiko. Lakini kufikicha ndiko tunakoweza kukuzuia sisi wenyewe. Konea dhaifu ikikandamizwa kila siku, miaka nenda miaka rudi, huzidi kudhoofika.

Mtoto hafikichi macho kwa utundu. Hufikicha kwa sababu yanawasha. Katika nchi zetu wako watoto wengi wenye mzio wa macho: macho mekundu, yanayowasha mno, yenye tongotongo la nyuzinyuzi, na weupe wa jicho hugeuka rangi ya udongo. Wazazi huzoea hali hiyo. Wengine huiita vumbi, na vumbi kweli huichochea. Kumwambia mtoto wa namna hii "acha kufikicha" pasipo kumtibu mwasho ni kumwonea. Kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi na kuwekwa juu ya kope zilizofumbwa humpa nafuu ya haraka. Kisha apelekwe akaandikiwe matone ya kutibu mzio.

Tuseme neno juu ya matone hayo, kwa sababu hapo mlaji huumia bila kujua. Yako matone yenye steroidi, kwa mfano deksamethasoni, ambayo hutuliza mwasho na wekundu kwa namna ya ajabu. Mtoto aliyelia juzi, leo anacheza. Mzazi akiona hivyo hurudi dukani kununua chupa ya pili, ya tatu, ya kumi, kwa kumwonyesha muuzaji chupa tupu. Steroidi ni dawa ya thamani mikononi mwa daktari anayepima shinikizo la jicho kila baada ya muda. Ikitumiwa kiholela kwa miezi, inaweza kupandisha shinikizo hilo na kuua mshipa wa kuonea polepole bila maumivu yoyote, na inaweza kuleta mtoto wa jicho kwa mtoto mdogo. Kilichopotea kwa presha ya macho hakirudi. Kwa hiyo soma kichupa. Uliza kama kina steroidi. Na ukijibiwa kwamba kinayo, usikinunue bila cheti cha daktari, hata kama muuzaji ni jirani yako na ana nia njema. Maji ya majani, asali, maziwa ya mama na vinginevyo vinavyotiwa machoni tunaviacha. Mnajua msimamo wetu.

Ni lini basi mtu ashuke kwenye daladala na kuingia hospitali? Vipimo vya miwani vikibadilika sana zaidi ya mara moja katika mwaka au miaka miwili, hasa mpindo, na hasa kwa kijana. Mpimaji akishindwa kumfikisha mtu kwenye sita kwa sita hata baada ya kubadili lenzi mara nyingi, bila kuona sababu. Kijana akifumba jicho moja na kuitazama taa ya mbali usiku, akaona taa nyingi au taa yenye mikia kwa jicho lililobaki. Hakuna hata moja kati ya hizo inayothibitisha ugonjwa. Kinachothibitisha ni ramani ya konea, kipimo kinachofanywa kwa mashine ambayo mgonjwa huwekea kidevu na kutazama mbele. Haimgusi jicho wala haiumi, na kwa dakika chache hutoa picha ya rangi inayoonyesha mpindo, na kwa mashine za kisasa zaidi, unene wa kila sehemu. Si kila hospitali inayo. Mahali pa kuanzia ni idara ya macho ya hospitali kubwa ya rufaa, kama Muhimbili, KCMC ya Moshi, au Bugando ya Mwanza. Ukiwa mbali, daktari wa macho wa mkoa wako atakuandikia rufaa. Ukipata ramani, omba nakala yako na uitunze kama hati ya kiwanja. Ramani ya kwanza peke yake husema jicho likoje leo. Ni ya pili, baada ya miezi kadhaa, inayosema kama linaendelea kuchongoka. Bila ya kwanza, ya pili haina cha kulinganishwa nacho.

Tumefika kwenye tiba, na hapa tunaomba ruhusa ya kusema kama watu wa sokoni. Kila tiba ni bidhaa inayonunua kitu fulani na isiyonunua kingine. Malalamiko karibu yote tuliyoyasikia kuhusu ugonjwa huu yalitokana na mtu kununua kitu akidhani amenunua kingine.

Miwani hununua uoni mzuri katika hatua za mwanzo. Haizuii ugonjwa, wala haiuzidishi.

Lenzi ngumu zinazovaliwa juu ya jicho hununua zaidi. Kwa kuwa hazipindi, huipa konea sura mpya ya mbele iliyo laini, na machozi hujaza mabonde yaliyo chini yake. Mtu ambaye miwani imemshinda anaweza kusoma mstari wa chini kabisa siku hiyo hiyo anapovaa lenzi iliyompata sawasawa. Ziko ndogo zinazokaa juu ya konea, na ziko kubwa zinazoegemea weupe wa jicho na kuiacha konea bila kuguswa, zikiwa zimejazwa maji maalumu ya chumvi yasiyo na vijidudu. Hizi kubwa huwafaa wengi ambao ndogo ziliwachoma. Lakini lenzi nazo hazisimamishi ugonjwa, ijapokuwa zamani ilidhaniwa hivyo na hata leo wako wauzaji wanaosema hivyo. Tena bei yake si bei ya lenzi. Kuna kupimwa na kurekebishiwa mara kadhaa, kuna maji ya kusafishia kila siku, kuna kikasha, kuna kubadilisha lenzi zikichakaa. Kabla ya kutoa arbuni, mwambie mtaalamu akuandikie gharama ya mwaka mzima, na akueleze lenzi isipokaa vizuri itabadilishwa kwa masharti gani. Na kamwe lenzi isigusane na maji ya bomba, ya kisima, wala mate. Katika maji ya kawaida hukaa viumbe wadogo wanaoweza kuila konea na kuacha kovu lisilofutika.

Tiba inayonunua kusimama kwa ugonjwa ni kukaza konea. Ilibuniwa Dresden, Ujerumani, na matokeo ya wagonjwa wa kwanza yalitolewa mwaka 2003 na Gregor Wollensak, Eberhard Spoerl na Theo Seiler. Kanuni yake ni rahisi kuliko jina lake. Konea hutiwa matone ya riboflavini, ambayo ni vitamini B2, yenye rangi ya manjano, kwa muda wa nusu saa hivi hadi inywe; kisha humulikwa kwa miali ya urujuanimno iliyopimwa. Katika njia ya awali mwanga huo nao huchukua nusu saa, ingawa siku hizi ziko njia zinazotumia mwanga mkali zaidi kwa muda mfupi. Vitamini na mwanga hufanya nyuzi za kolajeni zifungamane zaidi, mithili ya mkeka uliokuwa umelegea ukashonwa upya. Katika njia iliyozoeleka, ngozi nyembamba ya juu ya konea hukwanguliwa kwanza, kwa dawa ya ganzi ya matone, ili vitamini ipenye.

Tumewasikia watu wakiambiwa kwamba ni tiba isiyo na maumivu. Si kweli. Ganzi ikiisha, siku mbili tatu za kwanza huuma, machozi hutiririka na mwanga huwa adui. Uoni hufifia kwa majuma kadhaa kabla ya kutulia. Hatari kubwa ni maambukizi kabla ngozi haijafunga, na wachache hubaki na ukungu au kovu. Mtu atafute mapema atakayemsindikiza, na mahali pa kulala karibu na hospitali kwa siku za mwanzo, kama ametoka mbali. Hiyo nayo ni gharama, na haiandikwi katika ankara ya hospitali.

Kisha jambo kubwa kuliko yote: tiba hii husimamisha, hairudishi. Wako wanaopata nafuu kidogo ya kuona, lakini asinunue mtu kwa tumaini hilo. Atatoka akihitaji miwani au lenzi kama alivyoingia. Anachokipata ni kwamba kilichobaki kitabaki. Basi thamani yake iko katika kuwahi. Katika jaribio lililofanywa Uingereza na kutolewa mwaka 2021, watoto na vijana 60 wa miaka 10 hadi 16 ambao ugonjwa wao ulikuwa ukiendelea waligawanywa kwa kura. Baada ya miezi 18, kati ya 30 waliokazwa konea, ugonjwa ulikuwa umeendelea kwa 2. Kati ya 28 waliofuatiliwa kwa miwani na lenzi tu, uliendelea kwa 12. Tazameni pande zote mbili za hesabu hiyo. Si kila asiyetibiwa aliharibikiwa, na si kila aliyetibiwa alisalimika. Lakini mzazi mwenye mtoto wa miaka 14 anajua aegemee wapi.

Kwa upande wa pili, mtu wa miaka 45 ambaye ramani zake hazijabadilika kwa miaka mingi hana cha kusimamisha. Akiambiwa akazwe konea haraka, aulize: ni ramani ipi na ipi zilizoonyesha kwamba ugonjwa unaendelea? Na ambaye konea yake imekwisha kuwa nyembamba kupita kiasi huenda asifae kwa njia ya kawaida, kwa sababu mwanga ukipenya mno huumiza tabaka la ndani. Hilo ni la daktari kuamua kwa kipimo cha unene.

Ziko pia pete ndogo za plastiki, vipande mfano wa mwezi mwandamo, zinazopachikwa ndani ya konea ili kuilaza kidogo. Huwafaa baadhi.

Mwisho kuna kupandikiza konea ya mtu aliyefariki. Eduard Zirm aliyapata mafanikio ya kwanza kwa binadamu huko Olomouc, nchi ya Moravia, mwezi Desemba mwaka 1905, kwa hiyo si majaribio tena. Wenye keratokonasi wengi hawafiki huko. Wanaofika, kwa kawaida hupata matokeo mema, na siku hizi inawezekana mara nyingi kubadilisha matabaka ya mbele tu na kuliacha tabaka la ndani la mgonjwa mwenyewe, jambo linalopunguza hatari ya mwili kuikataa tishu. Lakini nyuzi za kushonea huweza kukaa mwaka mmoja na zaidi, matone hutumika kwa muda mrefu, miwani au lenzi mara nyingi bado huhitajika, na tishu zenyewe ni adimu. Aliyepandikizwa akiona wekundu, maumivu, kuumizwa na mwanga au uoni kufifia, hata ikiwa ni miaka kumi baadaye, aende hospitali siku hiyo hiyo. Aende vilevile mwenye keratokonasi ambaye konea yake imegeuka nyeupe ghafla ikiuma: maana yake huenda tabaka la ndani limepasuka na maji yameingia.

Sasa onyo moja. Vijana wengi wamesikia habari za mwanga wa leza unaomwondolea mtu miwani kwa dakika chache. Leza hiyo hufanya kazi kwa kuipunguza konea unene. Kwa jicho ambalo tatizo lake ni wembamba, ni kama kumchota maji mtu mwenye kiu. Inaweza kuharakisha ugonjwa uliokuwa umetulia au uliokuwa haujajitokeza. Mahali popote panapokubali kukufanyia leza bila kukupiga kwanza ramani ya konea, chukua mfuko wako uondoke, na ukiwa umelipa, njoo kwetu.

Turudi kwa mama yule na duka lake. Duka halikumwibia, na fedha za miwani hatukuzidai. Lakini hatukuliacha hivi hivi. Mtu anayempima mteja mara nne, akiona namba zinapanda upande mmoja, ana wajibu wa kusema: hili limenizidi, nenda kwa daktari. Hakusema. Kila mara aliuza. Hapakuwa na uongo. Palikuwa na kimya chenye faida. Tulikaa na mwenye duka, akatuelewa, na sasa ameweka utaratibu wa kuwaandikia barua ya rufaa wateja wa namna hiyo. Tulifurahi, ingawa ni lazima tukiri kwamba nasi barua yetu ya kufunga shauri ilikuwa imebakiza saini.

Tangu hapo tunawaomba wazazi wasitupe karatasi za zamani za vipimo. Duka lina wajibu wa kukupa yako, umeilipia. Ziweke zote mahali pamoja, zenye tarehe, na umpelekee daktari zote, si ya mwisho peke yake. Anayevaa lenzi za jicho aulize ni siku ngapi azivue kabla ya kupigwa ramani, kwa maana lenzi huacha umbo lake juu ya konea na kudanganya kipimo. Mwenye bima ya afya aombe jibu la maandishi, kabla ya tiba, juu ya kinachogharamiwa na kisichogharamiwa, kwa kila jicho. Ukitilia shaka kwamba anayejiita daktari ni daktari, Baraza la Madaktari Tanganyika ndilo lenye orodha ya waliosajiliwa. Dawa au kifaa tiba kikikutia mashaka, kipo chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Na ukiuziwa tiba kwa ahadi isiyo ya kweli, kwa mfano matone ya "kunyoosha konea" au mazoezi ya macho ya kuponya keratokonasi, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Hifadhi tangazo, risiti na jina la aliyekuuzia, kwani bila hivyo mikono yetu imefungwa.

Kijana wa kidato cha tatu alikazwa konea ya jicho la kulia. La kushoto linafuatiliwa kwa ramani. Jicho la kulia halikurudi kama la zamani. Anavaa lenzi ngumu upande huo, na mama anasema vita vya kila asubuhi ni kumfanya anawe mikono kwa sabuni kabla ya kuivaa. Mwalimu alimbadilishia dawati. Baba, tulivyosikia, hajasema lolote, ila ndiye anayempeleka kliniki.

Tumesema mengi, na tunaona mama aliyeketi karibu na dirisha amenyoosha mkono tangu tulipotaja matone. Tuanze naye. Karibu, mama.